"Na wewe mtoto wa nani?" Babu anayesahau, mjukuu anayebaki, na ugonjwa tunaoupa majina yasiyo yake

Juzi kati binamu yangu katupia klipu kwenye grupu la familia, kipande cha muvi ya Kihispania inaitwa Vivir dos veces, yani kuishi mara mbili. Kuna mzee anaitwa Emilio, profesa wa hesabu aliyestaafu, mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa namba, anaambiwa na daktari kwamba ana Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Ana binti yake, Julia, na mjukuu wake Blanca, mtoto mwenye maneno mengi ambaye simu haimtoki mkononi, na huyo mjukuu ndo anajikuta karibu na babu kuliko wakubwa wote wa nyumba ile.

Hapo hapo maoni yakaanza kumiminika. Shangazi mmoja akaandika huyo karogwa, mtu mwenye akili kiasi kile haziishi hivihivi, kuna watu hawakupenda. Mjomba akajibu acheni hizo, huo ni uzee tu, wote tunaelekea huko. Mdogo wangu akasema magonjwa ya wazungu hayo, huku kwetu mbona hayapo. Na mwingine akauliza hizi muvi za Kimeksiko mnazipatia wapi. Nikaanza kujibu, jibu likawa linazidi kurefuka, nikaona bora nikae chini niandike vizuri, maana kila mmoja pale alikuwa na kosa lake na hii kitu imepita ndani ya nyumba yetu wenyewe, sio kwenye muvi tu.

Nianze na lile jepesi. Sio ya Kimeksiko. Tumezoea zile tamthilia za Meksiko za kila jioni mpaka kila kinachosikika Kihispania tunakipeleka huko, lakini hii imetoka Hispania kwenyewe, mwaka 2019, mwongozaji ni mwanamama María Ripoll na familia inayoonekana ni ya Valencia. Aliyecheza babu, Oscar Martínez, ni Muajentina, ndo yule aliyechukua tuzo ya mwigizaji bora wa kiume kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka 2016. Kisa chenyewe ni kwamba Emilio akishajua kichwa kinaondoka, anataka kabla hajasahau kila kitu amuone tena Margarita, msichana aliyempenda ujanani, na mjukuu ndo anaingia mtandaoni kumsaidia kumtafuta. Mwisho siusemi, kaangalieni.

Na haiko peke yake. Mwaka 2007 mwongozaji mkongwe wa Hispania Antonio Mercero alitoa ¿Y tú quién eres?, maana yake "na wewe ni nani?", babu anaanza kupoteza kumbukumbu, familia inaenda likizo ya kiangazi, mzee anapelekwa kwenye nyumba ya wazee Madrid, na mjukuu wake Ana aliyebaki mjini kusomea mitihani ndo anakuwa mtu wake. Unaona ni mstari uleule, babu anasahau na mjukuu anabaki. Mi zamani nilidhani ni ujanja wa waandishi wa muvi, mtoto na mzee pamoja lazima watu walie. Siku hizi nadhani kuna sababu ya kweli ndani ya ugonjwa wenyewe, na ndo hasa nataka kuieleza, ila tuanzie chini.

Kuna maneno mawili watu wanayachanganya, demensia na Alzheimer. Chukua homa na malaria. Ukisema mtoto ana homa hujataja ugonjwa, umetaja hali, mwili unachemka, sasa kinachouchemsha kinaweza kuwa malaria, taifodi, nimonia, chochote. Demensia ni kama kusema homa, ni hali ya akili kupungua kidogokidogo, kumbukumbu, lugha, kupanga mambo, kujua njia, mpaka mtu anashindwa kuendesha siku yake mwenyewe. Alzheimer ni kama kusema malaria, ni ugonjwa mmoja wapo unaoleta hiyo hali, na ndo mkubwa kuliko yote, Shirika la Afya Duniani linasema unachukua asilimia 60 mpaka 70 ya watu wenye demensia. Wengine wanaipata kwa sababu mishipa midogo ya ubongo imeharibiwa na presha au viharusi vidogovidogo, wengine kwa magonjwa mengine. Kwahiyo mtu akikwambia "mama hana Alzheimer ana demensia" ni kama kakwambia mtoto hana malaria ana homa, bado hujaambiwa kitu.

Jina lenyewe ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901 pale Frankfurt alipokea mgonjwa, mama wa miaka 51 tu, anaitwa Auguste Deter. Daktari akamuuliza jina lako nani, akasema Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Mumeo anaitwa nani? Akawaza, akasema nadhani Auguste. Mama yule alifariki 1906, daktari akauchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta vitu ambavyo havikutakiwa kuwepo pale na mwaka huohuo akawaeleza wenzake. Yani alionyesha kwamba kule kusahau kuna alama zake ndani ya nyama ya ubongo, unaziona kwa hadubini. Nawaomba mlishike hilo kwa sababu ya yale ya kurogwa huko mbele.

Alichokiona ni nini? Fikiria mtaro wa mtaani kwenu. Kila siku unapitisha maji machafu, kila siku kuna taka kidogo zinabaki, ukisafishwa hakuna shida. Ubongo nao kazi yake inaacha taka, vipande vya protini, na kawaida vinaondolewa. Kwenye Alzheimer vipande hivyo vinagandana vinajaa katikati ya seli, na ndani ya seli zenyewe protini nyingine inajisokota kama uzi ulioingiwa na fundo, seli zinaacha kuwasiliana, zinakufa, ubongo unasinyaa. Na uchafu huo unaanza kujikusanya miaka 10, 15, hata 20 kabla mtu hajasahau jina la mtu yeyote. Siku mnayogundua nyumbani ni siku ya mwisho ya safari ndefu ambayo hakuna aliyeiona.

Sasa kwa nini anasahau alichokula asubuhi ila anakumbuka mwaka ule wa mafuriko na nani alikuwa amevaa nini? Hapa ndo watu wengi wanasema "anajifanya, anakumbuka anachotaka". Hapana. Ndani ya ubongo kuna sehemu mbili ndogo, kulia na kushoto, wataalamu wamezipa jina la yule samaki mdogo wa baharini mwenye kichwa cha farasi kwa sababu zimepinda vilevile. Kazi yao mi naifananisha na konda wa daladala. Konda ndo anapokea abiria mpya mlangoni, anamsogeza, anamtafutia siti. Alzheimer mara nyingi inaanza na konda. Daladala inatembea, abiria waliopanda mwanzo wa safari wamekaa vizuri kule nyuma, wamezama kwenye siti zao, lakini kila kituo abiria mpya anaruka mlangoni hakuna wa kumpokea, anaanguka. Uliyemwambia saa nne kwamba leo ni Jumanne ni abiria wa mlangoni. Harusi yake ya mwaka 1961 ni abiria wa siti ya nyuma kabisa. Ndo maana anakuuliza swali lilelile mara saba, sio kwamba amelisahau jibu, jibu halikuwahi kuingia ndani ya gari.

Na ugonjwa ukiendelea unaanza kushusha hata waliokaa, ukitokea mlangoni kwenda nyuma. Miaka ya karibuni inaondoka kwanza, kisha ya kati, utoto unabaki mpaka karibu na mwisho. Sasa piga hesabu, kwenye maisha ya bibi au babu nani kapanda mwisho? Mjukuu. Mjukuu ndo abiria wa kituo cha mwisho, kwahiyo ndo anaanza kushushwa. Hiyo ndo sehemu chungu ya hizi muvi, na mi imenikuta.

Bibi mzaa mama alikaa Muheza. Babu alikuwa mkata mkonge, alifariki 1989, mi bado mdogo. Nyie mnajua utani wa bibi na mjukuu wa kiume, tangu najua kuongea bibi ananiita mume wangu, nikifika anasema mume wangu kaja leo hamli, nami namwambia mke wangu umezeeka nakuongezea mwenzio, watu wanacheka. Basi mwaka mmoja nikawa nikienda ananiita mume wangu kama kawaida, ananiuliza mbuzi umewafungia, nacheka, namwambia nimewafungia. Ananiuliza kengele ishalia? Nacheka. Mbuzi walikuwa hawapo miaka ishirini. Siku moja saa kumi alfajiri nikasikia vyombo vinagonga jikoni, nikatoka, nikamkuta kawasha kuni, chai inachemka kwenye sufuria ndogo, kanawa kavaa khanga safi, akanisogezea kikombe akasema kunywa haraka utachelewa zamu. Hakuwa anatania. Nilikaa pale na kikombe, sukari hakutia, alitia chumvi, nikanywa yote.

Ndo nikajua kwamba kwa miezi mingi tulikuwa tunacheka mahali ambapo hapakuwa na utani tena. Kila familia ina namna yake ya kutoiona dalili, yetu ilijificha ndani ya utani.

Tulimpeleka kituo kimoja cha afya, hakikuwa na ubaya wa makusudi ila tuliambiwa ni uzee, akapewa vidonge vya vitamini, tukarudi. Sasa hapa namgeukia mjomba. Uzee unasahaulisha kweli, ubongo unapungua kasi kama magoti yanavyopungua. Unaingia chumbani unasahau ulichofuata. Unamsahau jirani jina, linakujia ukiwa kwenye ngazi. Umeacha funguo mahali, unazitafuta, unazipata. Hiyo ni uzee. Lakini kushika funguo mkononi ukazigeuzageuza usijue ni za nini, au kupotea njia ya kisimani uliyopita miaka arobaini, au kupika chai ya mtu aliyekufa, huo sio uzee. Kuna wazee wana miaka 90 wanakusomea ukoo mpaka babu wa saba. Kama ingekuwa uzee tu basi wote wangekuwa hivyo. Umri unaongeza hatari, sana, ila umri wenyewe sio ugonjwa.

Alafu nakuja kwa shangazi, na hapa naomba niseme polepole kwa sababu kuna watu wanakufa.

Dalili za Alzheimer ikishakomaa ni pamoja na kuzunguka usiku, saa za mwili zinavurugika, mchana analala usiku yuko macho anataka "kwenda nyumbani" hata kama yuko nyumbani, kwa sababu nyumbani kwake ni kule alikozaliwa. Anatoka. Anapotea. Nguo zinaweza kumshinda, kuvaa ni kazi yenye hatua nyingi na yeye hatua zimemchanganya, au anasikia joto anavua. Anaongea na watu waliokufa. Anamtuhumu mkwe kwamba kamuibia, kwa sababu alificha hela mwenyewe na hakumbuki kuficha. Sasa mchukue huyo mama, mweke saa tisa usiku kwenye ua wa jirani, bila nguo, hajui alivyofika pale, ukimuuliza jina anataja la baba yake. Kijiji kitasema nini? Mnajua kitakachosemwa. Mchawi kadondoka, ungo umemshinda, na tushaziona picha za namna hiyo zinasambazwa kwenye simu watu wanacheka. Mi kila nikiona picha ya bibi kizee kazungukwa na watu, macho yamemtoka hajui yuko wapi, namuona bibi yangu na kikombe chake cha chai.

Usukumani, Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa miaka mingi kwa macho mekundu, macho ambayo yaliharibiwa na moshi wa jikoni alikowapikia haohao. Kilifi pwani ya Kenya mzee anaogopa mvi zake, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalotakiwa kurithiwa haraka. Sisemi kila aliyetuhumiwa alikuwa na demensia, wengi walikuwa wazima kabisa. Nasema mwenye demensia hana hata namna ya kujitetea, ukimuuliza ulikuwa unafanya nini hapa usiku hawezi kukujibu, na ukimuuliza mara tatu kwa ukali anaweza kukubali lolote ili mnyamaze.

Na msidhani ni sisi tu. Huko huko kwenye Kihispania, Kolombia, jimbo la Antioquia milimani, kuna ukoo mkubwa wa watu wapatao 6,000 ambao kwa vizazi na vizazi watu walikuwa wanaanza kusahau wakiwa na miaka arobaini na kitu, wakulima wenye nguvu zao. Watu wa kule waliuita la bobera, yani ujinga, upumbavu, wapo waliosema ni laana, wapo waliosema kuna mti ukiugusa ndo unakupata. Daktari Francisco Lopera alikutana na mgonjwa wa kwanza wa ukoo ule miaka ya themanini mwanzoni, akaanza kupanda milima nyumba kwa nyumba kuchora ukoo mzima, nani mtoto wa nani, nani alisahau na lini, na miaka ya tisini ikajulikana wana kosa moja dogo kwenye jeni, linatoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mtoto. Mti ule haukuhusika. Lopera alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki 2024.

Kwahiyo ni ugonjwa wa kurithi? Ile ya Antioquia ndiyo, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Ila aina hiyo ni adimu sana duniani. Hii ya kawaida, inayoanza baada ya miaka 65, kuwa na mzazi mwenye nayo kunaongeza hatari kiasi lakini sio hukumu. Mama yangu hili limemsumbua sana, kila akisahau chumvi sokoni ananitazama, kwahiyo narudia, sio hukumu. Hata kule kwenye ukoo wa Kolombia kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa na lile kosa la jeni na uchafu tele kwenye ubongo, alitakiwa kusahau kabla ya miaka 50, akafika miaka ya sabini ndo akaanza, ilikuja kuonekana alikuwa na badiliko jingine adimu lililomkinga, na watafiti wamelisoma sana hilo wakitafuta njia ya dawa.

Mdogo wangu na magonjwa yako ya wazungu, nakujibu kwa ufupi. Mwaka 2021 watu wenye demensia duniani walikadiriwa milioni 57, na zaidi ya asilimia 60 wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, huku kwetu na wenzetu. Hapo Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini kuwapima wazee wa miaka 70 na kuendelea, wakakuta kama 6 kati ya kila 100. Wapo, ila tumewapa majina mengine.

Dawa. Ya kuponya haipo, na anayekuuzia chupa ya kuponya Alzheimer, awe na koti jeupe au kibuyu, anakuibia. Zipo dawa za kusaidia kama donepezil na memantine, zinaweza kumtuliza na kumshikilia kidogo kwa muda, haziuzuii ugonjwa. Mwaka 2023 Marekani waliidhinisha lecanemab na 2024 donanemab, hizi zinaondoa ule uchafu wa mtaroni, ila ni kwa walio mwanzoni tu, zinapunguza mwendo kidogo hazirudishi kilichopotea, ni za bei kali na zinaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu kwa hiyo mgonjwa anapigwa picha za ubongo mara kwa mara.

Lakini, na hii ni muhimu kuliko aya yote iliyotangulia, sio kila anayesahau ana Alzheimer. Mzee akichanganyikiwa ghafla, juzi alikuwa mzima leo haeleweki, hiyo ni dharura, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, nimonia, sukari imeshuka, maji yamemuishia mwilini, au dawa alizopewa zimegombana. Inatibika na anarudi. Hata inayokuja taratibu inaweza kuwa upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni isiyofanya kazi vizuri, kaswende ya zamani, virusi vya ukimwi, au sonona, mzee kafiwa na mwenza kajikunja tunadhani kapoteza akili. Kumbe ukisema karogwa au ukisema ni uzee matokeo ni yaleyale, mtu hapelekwi hospitali, na huenda chake kilikuwa cha kutibika.

Hospitali wanafanya nini? Damu, presha, historia, wakati mwingine picha ya kichwa, na maswali. Moja ya majaribio rahisi ni maneno matatu, unaambiwa maneno matatu, unapewa kazi nyingine, baada ya dakika chache unaulizwa yalikuwa yapi. Pasqual Maragall, aliyekuwa meya wa Barcelona wakati wa Olimpiki za 1992, alitangaza hadharani 2007 kwamba ana Alzheimer, akakubali kamera zimfuate, na filamu ile ya 2010 ikaitwa kwa maneno ya jaribio hilohilo, Bicicleta, cuchara, manzana. Baiskeli, kijiko, tofaa. Ukishajua ni maneno ya mtihani jina lile linakukaa kifuani. Ila msianze kuwapima wazazi wenu kwa baiskeli na kijiko kila Jumapili, kwanza tofaa lenyewe wengine hawalijui, jaribio lazima lifanane na maisha ya mtu, pili mnawaaibisha.

Kujikinga kupo, sio kwa uhakika ila kupo. Jopo la wataalamu mwaka 2024 lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya demensia ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa, ndani yake kuna presha, kisukari, sigara, pombe nyingi, kutofanya mazoezi, kukosa shule utotoni, kuumia kichwa, hewa chafu, upweke, na mawili ambayo huku tunayapuuza kabisa, masikio na macho. Mzee asiyesikia anatolewa kwenye mazungumzo, asiyeona anakaa pembeni, ubongo unakosa kazi. Kumpimia mzee miwani ni kinga ya ubongo, nani alikuwa anajua.

Turudi kwa mjukuu sasa. Nilisema ndo wa kwanza kushushwa, basi kwa nini ndo anayebaki? Nilivyoishi ile hali niliona hivi. Mama yangu alipokuwa anaenda Muheza alikuwa anaenda kumtafuta mama yake, yule aliyemlea, mkali, mwenye hesabu za duka kichwani, na kila akikuta hayupo aliumia na akamsahihisha. Mama, baba kafariki. Mama, mimi mwanao, huoni? Na kila akimwambia babu kafariki bibi anapokea msiba upya, analia kama kaambiwa leo, kisha baada ya saa anasahau habari lakini huzuni inabaki haijui imetoka wapi. Maana hisia zina siti yake nyingine kwenye lile gari, zinabaki muda mrefu baada ya habari kudondoka, na kwa furaha ni vilevile. Mi sikuwa na mama wa kumtafuta pale. Utani umenifundisha tangu mdogo kuwa mtu yeyote ambaye bibi anataka niwe. Akisema mbuzi, mbuzi. Sikumdanganya kwa kumcheza shere, nilikuwa naingia kwenye mwaka aliopo yeye kwa sababu yeye kwenye wangu hawezi kuja. Blanca wa kwenye muvi naye hamdai babu yake awe profesa, hakumjua sana kama profesa, anamtaka huyu aliyepo.

Wanaotunza watu hawa wanaelekeza hivyohivyo, usimuulize "unanikumbuka?", huo ni mtihani, jitaje mwenyewe. Usibishane, mhamishe taratibu kwenye jambo jingine. Mpe kazi ya mikono. Na mtunzaji naye apumzishwe, mara nyingi ni binti mmoja wa ukoo kaachiwa peke yake huku wengine tunatuma hela na ushauri kwenye grupu.

Antonio Mercero, yule mwongozaji wa Na wewe ni nani, miaka michache baada ya ile muvi aliugua Alzheimer mwenyewe. Mwaka 2010 Hispania walimpa tuzo ya heshima ya Goya, zile tuzo zao kubwa za filamu, hakuweza kufika ukumbini, wakampelekea nyumbani kwake. Alifariki 2018.

Bibi miaka yake ya mwisho alikuwa hanijui kwa jina lolote, hata mume wangu ilishaondoka. Lakini ukimwekea miyaa mapajani mikono ilikuwa inasuka ukili, ile kazi ya mikono inakaa mbali na konda, vidole vinapinda, vinavuka, vinavuta, hakosei hata mche mmoja, mstari mwekundu unakaa palepale unapotakiwa kukaa. Nilikuwa nakaa chini mkekani pembeni yake namkatia ncha. Mara moja moja anasimamisha mikono, ananitazama vizuri, anauliza, na wewe mtoto wa nani? Namwambia wa binti yako. Anasema aa, basi kaa, nikimaliza upande huu tutakula.

Alafu anaendelea kusuka.